Je, Wajua? Mahindi, Mwaloni na Chupa za Kabatini

Je, wajua kuwa burboni, wiski ya Marekani, ni mahindi? Sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na viwanda vingi hupita hapo hadi asilimia 70 na zaidi. Nafasi inayobaki hujazwa na kimea cha shayiri, ambacho kazi yake kubwa ni kugeuza wanga kuwa sukari, pamoja na rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu ya ngano. Wengine huiacha rai wakatia ngano yenyewe. Naanza na nafaka kwa sababu mtu anayetaka kuweka chupa tatu nne nyumbani kwake huwa anaanza na bei, au na jina analolisikia kila siku, halafu anajikuta na chupa nne zenye ladha moja. Nafaka ndiyo inayozitofautisha, na karibu kila mara ukiitafuta utaijua kabla hujatoa pesa mfukoni.

Je, wajua kuwa mahindi hayo asili yake ni bara la Amerika, na kwamba yaliletwa Afrika kwa merikebu za Wareno? Mtu wa Kentucky, Marekani, na mtu wa Iringa wamerithi punje moja. Mmoja alisaga akasonga, mwingine alisaga akapika.

Je, wajua kuwa neno wiski limetoka katika Kigaeli, lugha ya Ireland na Uskoti, na kwamba asili yake ni uisce beatha, yaani maji ya uhai? Sehemu iliyosalia leo ni ile ya maji tu. Maandishi ya kale ya hazina ya mfalme wa Uskoti, ya mwaka 1494, yanataja kimea alichopewa mtawa mmoja, John Cor, ili atengeneze maji hayo kwa amri ya mfalme.

Na ule ubishi wa herufi? Waairishi na Wamarekani huandika whiskey, Waskoti, Wakanada na Wajapani huandika whisky. Lakini hata Marekani wapo walioikataa hiyo e: Maker's Mark na Old Forester ni mifano miwili. Tahajia haikwambii lolote kuhusu ladha.

Je, wajua kuwa masharti ya burboni yanatosha nyuma ya tiketi ya daladala? Itengenezwe Marekani. Mahindi yawe asilimia 51 au zaidi. Ikitoka mtamboni, nguvu ya kileo isizidi asilimia 80. Iingie katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto kwa ndani, ikiwa na nguvu isiyozidi asilimia 62.5. Itiwe chupani ikiwa na asilimia 40 au zaidi. Isitiwe rangi, isitiwe ladha; maji peke yake ndiyo yanayoruhusiwa.

Hakuna sharti la Kentucky hapo. Tarehe 4 Mei 1964 Bunge la Marekani lilitangaza burboni kuwa bidhaa ya kipekee ya Marekani, na jimbo lolote laweza kuipika. Lakini ni kweli kwamba sehemu kubwa sana hutoka Kentucky, jimbo ambalo mapipa yaliyolala maghalani ni mengi kuliko watu wake.

Je, wajua kwamba rangi yote unayoiona katika burboni imetoka kwenye mti? Inapotoka mtamboni ni nyeupe kama maji ya mvua. Wapishi wa huko huiita mbwa mweupe, na inauma kweli. Moto unapolamba ndani ya pipa, ubao hugeuka mkaa juu, na chini ya mkaa huo sukari zilizo ndani ya mti hukaangika. Sehemu moja ya ubao, iitwayo lignini, ikipata joto hutoa vanilini, kitu kile kile kinachotoa harufu ya vanila. Mwaloni mweupe wa Marekani pia una mafuta yenye harufu ya nazi. Ndiyo maana mtu aliyekulia pwani akinusa burboni nzuri kwa utulivu hupata kashata, sukari guru, na mbali kidogo mdalasini. Si mawazo yake. Vitu hivyo vimo.

Uskoti, kwa upande mwingine, sheria inaruhusu kutia karameli ya rangi. Basi usichague wiski ya Kiskoti kwa weusi wake.

Je, wajua pipa la burboni huenda wapi likishamwagwa? Kwa kuwa sheria inadai chombo kipya, kiwanda hakiwezi kulitumia tena kwa burboni. Linauzwa. Mengi huvuka bahari hadi Uskoti na Ireland, na wiski nyingi ya Kiskoti iliyopo dukani imelala miaka yake yote katika pipa ambalo lilianzia kazi Kentucky. Mengine huenda kwenye ramu, tekila, hata mchuzi wa pilipili wa Tabasco. Ukiweka burboni moja na ya Kiskoti moja kabatini, huenda umeweka mpangaji wa kwanza na wa pili wa nyumba moja.

Je, wajua fungu la malaika? Pipa linapumua. Kila mwaka sehemu ya kilichomo hupotea hewani, na wapishi wa zamani walisema malaika wamechukua chao. Uskoti, kwenye baridi na unyevu, hupotea takriban asilimia 2 kwa mwaka. Kentucky, kwenye kiangazi kikali, ni zaidi ya hapo. Bangalore, India, kiwanda cha Amrut hupoteza asilimia 10 au zaidi, na hiyo ndiyo sababu wiski ya nchi za joto haiwezi kungoja miaka 20: pipa lingebaki na harufu tu. Kuna jambo la ajabu zaidi. Katika maghala ya Kentucky, orofa za juu ambako kuna joto kavu, maji hutoka haraka kuliko kileo, kwa hiyo wiski huongezeka nguvu kadiri inavyokaa. Uskoti ni kinyume chake, hupungua. Na kuna kuvu jeusi, Baudoinia, linaloishi kwa mvuke huo wa kileo. Hupaka kuta za maghala, miti ya jirani na hata mapaa ya nyumba za watu masizi ambayo hayatokani na moto. Majirani wa maghala hayo wana haki ya kulalamika, na wamelalamika hadi mahakamani.

Kwa hiyo umri ulioandikwa kwenye chupa usomwe pamoja na mahali. Miaka 12 ya Uskoti na miaka 12 ya Kentucky si miaka sawa. Burboni nyingi nilizozipenda zina kati ya miaka 6 na 10. Zikizidi sana hapo, ubao huanza kumeza nafaka na mdomo hukauka kama umetafuna kijiti. Na namba hiyo, ikiwepo, ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo.

Je, wajua kuna maneno ya kwenye lebo yenye nguvu ya sheria na mengine ambayo ni mapambo? Straight ni neno la sheria: burboni imelala si chini ya miaka 2, na ikiwa haijafika 4 lazima umri utajwe. Small batch halina tafsiri yoyote ya kisheria. Kila kiwanda kinajipimia chenyewe hicho "kidogo". Single barrel maana yake imetoka pipa moja tu, na aliyelipeleka sokoni wazo hilo kwa burboni ni Elmer T. Lee, mwaka 1984, kwa chupa iitwayo Blanton's. Vizibo vyake vina farasi na mpandaji wa mashindano, viko vya aina 8, kila kimoja na herufi yake, na ukivikusanya vyote vinaandika jina la chupa huku farasi akisogea kutoka mstari wa kuanzia hadi ushindi.

Sasa neno ninaloliamini kuliko yote: bottled in bond.

Je, wajua kwa nini lilizaliwa? Mwishoni mwa karne ya 19 wachuuzi wa Marekani walichukua spiriti ghafi, wakaitia rangi na ukali kwa chochote kilichokuwa karibu, ikiwemo tumbaku na iodini, wakaiuza kama wiski iliyokomaa. Watu waliugua. Edmund Haynes Taylor, mwenye viwanda Kentucky, alipigania sheria akisaidiwa na waziri wa fedha John G. Carlisle, na mwaka 1897 ikapitishwa. Wiski yenye maneno hayo lazima iwe imepikwa na kiwanda kimoja, katika msimu mmoja wa mwaka, ilazwe si chini ya miaka 4 katika ghala linalosimamiwa na serikali, na itiwe chupani ikiwa na nguvu ya asilimia 50 kamili. Stempu ya serikali ilibandikwa juu ya kizibo. Hayo yalitokea miaka 9 kabla Marekani haijapata sheria ya jumla ya usafi wa chakula na dawa, mwaka 1906.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaielewa stempu hiyo bila kuelezwa. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu, na ile ya Kenya ina Soma Label. Unaelekeza kamera kwenye stempu ya chupa, inakujibu kama ni halali. Itumie, kila mara, hata dukani kwa rafiki yako. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua chupa yenye jina kubwa katika duka moja la mtaani, nikaharakisha nyumbani kwa sababu nilikuwa na wageni. Stempu iling'oka kama stika ya daftari la mtoto. Nilionja kwa ncha ya ulimi, nikaimwaga yote kwenye sinki, wageni wakanywa chai. Pombe iliyotiwa methanoli hupofusha macho na kuua, na wanaoipata mara nyingi ni watu waliodhani wamepata bei nzuri.

Mojawapo ya chupa za bondi zinazouzwa bei ya kawaida huko kwao ni Evan Williams yenye lebo nyeupe. Kama ungeniuliza burboni ya kwanza ya kabati, ningekuelekeza kwenye aina hiyo. Asilimia 50 inavumilia barafu, inavumilia maji, na haipotei ukiichanganya.

Je, wajua aliyemfundisha Jack Daniel kupika wiski alikuwa mtumwa?

Jina lake Nathan Green, watu wakimwita Nearest. Katikati ya karne ya 19, huko Lynchburg, Tennessee, mhubiri na mwenye duka aitwaye Dan Call alikuwa na mtambo wa wiski shambani kwake, na Green, aliyekuwa amekodishwa kwake na waliommiliki, ndiye aliyekuwa fundi wa mtambo huo. Kijana mdogo Jack Daniel alikuja kufanya kazi pale. Call alimkabidhi kwa Green ajifunze. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufutwa kwa utumwa, Daniel alipoanzisha kiwanda chake, Green alikuwa mpishi wake mkuu, safari hii akiwa mtu huru anayelipwa. Wanawe nao walifanya kazi hapo, na vizazi vilivyofuata. Ipo picha ya mwanzoni mwa karne ya 20 ambamo Jack Daniel ameketi kati ya wafanyakazi wake, na ubavuni pake kabisa yuko mwanamume mweusi. Inaaminika ni George, mmoja wa watoto wa Green.

Jina la Nearest lilikuwemo katika kitabu cha maisha ya Daniel kilichochapwa mwaka 1967, na lilikuwemo vinywani mwa wajukuu zake muda wote. Kwenye ziara za kiwanda halikutajwa. Mwaka 2016 gazeti la The New York Times liliandika habari yake, na mwandishi Fawn Weaver akaanza kuchimba kumbukumbu za mji ule hadi akanunua shamba lenyewe la Dan Call. Mwaka 2017 kiwanda cha Jack Daniel's kilimtambua rasmi Green kuwa mpishi wake mkuu wa kwanza, na mwaka huo huo Weaver akatoa wiski iitwayo Uncle Nearest. Anayeichanganya wiski hiyo ni Victoria Eady Butler, kilembwe wa Green. Mimi naiweka mbele kabatini, lebo ikitazama mlango. Mgeni akiuliza, namsimulia, na sijawahi kuimaliza hadithi hiyo bila mtu kuniomba nilirudie jina.

Je, wajua kinachoifanya wiski ya Tennessee kuwa tofauti? Kabla haijaingia pipani hupitishwa tone kwa tone kwenye mkaa wa mti wa mapli, safu yenye urefu wa kama mita 3 kwa Jack Daniel's. Mkaa hunyonya ukali. Ukitaka kuuelewa mkaa huo, mimina kidogo ya Tennessee na kidogo ya burboni ya Kentucky kwenye glasi mbili, uonje kwa kupokezana. Dakika tano zinatosha.

Na wajua rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alikuwa na kiwanda cha wiski? Kilijengwa mwaka 1797 katika mashamba yake ya Mount Vernon, Virginia, kwa ushauri wa msimamizi wake Mskoti, James Anderson. Mwaka 1799 kilitoa takriban galoni 11,000, miongoni mwa viwanda vikubwa nchini wakati ule. Nafaka yake ilikuwa rai asilimia 60, mahindi 35 na kimea cha shayiri 5. Walioipika kila siku walikuwa watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Majina yao yamehifadhiwa, na yastahili kutamkwa pale jina la rais linapotamkwa.

Wiski ya rai, basi, ni ya zamani kule, na inastahili nafasi ya pili kabatini. Lazima iwe na rai asilimia 51 au zaidi. Burboni inapoleta utamu wa mahindi, rai huleta pilipili manga, kama mtu amekuna tangawizi kando ya glasi.

Je, wajua kuna Lawrenceburg mbili? Moja iko Kentucky, na huko ndiko ziliko Wild Turkey na Four Roses. Nyingine iko Indiana, na ina kiwanda kikubwa sana, MGP, ambacho kwa miaka mingi kimepika wiski kwa niaba ya majina mengine mengi, hasa rai yenye asilimia 95 ya nafaka hiyo. Hakuna ubaya katika kununua kwa jirani. Wiski ya MGP ni nzuri. Lakini chupa inapokusimulia babu na mtambo wake wa shaba mlimani, geuza nyuma usome maandishi madogo. Kama imeandikwa kuwa ilipikwa Indiana, babu hayumo.

Four Roses wana jambo lao. Wana mapishi mawili ya nafaka na hamira za aina 5, kwa hiyo wiski 10 tofauti chini ya paa moja. Hamira, watu huisahau.

Je, wajua chupa yenye nta nyekundu ilibuniwa na mke wa mwenye kiwanda? Margie Samuels ndiye aliyeipa wiski hiyo jina la Maker's Mark, akachagua umbo la chupa na kuichovya shingo katika nta. Mumewe, Bill Samuels, alikuwa ameacha pishi la ukoo na kuweka ngano mahali pa rai, na chupa ya kwanza ikauzwa mwaka 1958. Ngano hutoa burboni laini, ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Mgeni ambaye hajawahi kunywa wiski mmiminie hiyo kwanza. Mwaka 2013 kampuni ilitangaza itapunguza nguvu kutoka asilimia 45 hadi 42 kwa kuwa mapipa hayakutosha mahitaji. Wanywaji waliwaka. Ndani ya siku chache uamuzi ukafutwa.

Je, wajua kuwa Pappy Van Winkle, ambayo watu huinunua kwa bei ya pikipiki, na W. L. Weller, hutoka katika pishi moja la ngano, katika kiwanda kimoja cha Buffalo Trace, mjini Frankfort? Tofauti ni mapipa yaliyochaguliwa na miaka. Tofauti hiyo ipo, sikatai. Pikipiki nayo inafanya kazi kila siku.

Wajua daktari aliwahi kuandikia watu wiski? Marekani ilipopiga marufuku pombe, kuanzia mwaka 1920 hadi 1933, kampuni chache zilipewa leseni ya kuuza wiski ya dawa. Ulipeleka cheti duka la dawa, ukapewa painti yako, ukangoja siku 10. Laphroaig ya kisiwa cha Islay, Uskoti, yenye moshi wa mboji na harufu ya bandeji za hospitali, iliingia Marekani kwa kisingizio hicho hicho. Kiwanda hicho baadaye kilimilikiwa na kuendeshwa na mwanamke, Bessie Williamson, aliyefika mwaka 1934 kama karani wa likizo tu na kukirithi mwaka 1954. Chupa ya moshi moja kabatini inatosha. Iweke kwa ajili ya usiku wa mvua na samaki wa kuchoma.

Ya Kiairishi? Waairishi walitozwa kodi ya kimea mwaka 1785, wakaamua kuchanganya shayiri isiyooteshwa ili kuikwepa, na ladha iliyotokea wakaipenda hata baada ya sababu kuisha. Redbreast ni mfano wake mzuri.

Je, wajua Afrika ina wiski ya mahindi iliyowahi kutajwa kuwa bora duniani katika kundi lake? Bain's, ya Afrika Kusini, hupikwa kwa mahindi ya njano ya huko huko katika kiwanda cha James Sedgwick, mjini Wellington, chini ya milima ya Cape. Mwaka 2013 ilitwaa taji la wiski bora ya nafaka katika tuzo za World Whiskies Awards, na ikalirudia mwaka 2018. Fundi wake wa miaka mingi, Andy Watts, aliwahi kuwa mchezaji wa kriketi Uingereza. Wiski hiyo hulazwa katika mapipa yaliyotumika kwa burboni, joto la Cape likifanya kazi yake. Haiwezi kuitwa burboni, maana haikuzaliwa Marekani na pipa si jipya. Lakini iweke karibu na ile ya bondi kutoka Kentucky, uzionje kwa pamoja, na utayasikia mahindi yakizungumza kwa lafudhi mbili. Kwangu hiyo ndiyo jozi ya kwanza ninayomfungulia mtu.

Sasa chupa imefika nyumbani. Je, wajua kuwa divai hulazwa lakini wiski husimamishwa? Kileo kikali kikigusa kizibo muda mrefu hukila, kikameguka, na vipande vikaelea. Isimamishe. Iweke mbali na dirisha, kwa sababu jua hufifisha rangi na ladha, na mbali na jiko na mgongo wa friji. Tanga, Mombasa au Muscat, chagua kabati la ukuta wa ndani, chini, si juu ambako joto hupanda. Boksi lake lisitupwe.

Wiski haikomai chupani. Iliyotiwa ikiwa na miaka 8 itabaki na miaka 8 hata wajukuu wakiikuta. Ikishafunguliwa, hewa ndiyo adui, na kadiri chupa inavyopungua ndivyo hewa inavyozidi. Iliyojaa yaweza kukaa mwaka mmoja au miwili bila kupoteza kitu. Iliyobaki robo hufifia ndani ya miezi. Ihamishie katika chupa ndogo safi ya kioo, uijaze hadi shingoni, uandike jina.

Tone la maji halimharibii mtu wiski yake. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kuwa wiski ikizimuliwa, molekuli za gwayakoli, zenye harufu ya moshi, hukusanyika zaidi juu ya uso wa kinywaji, pale pua ilipo. Barafu, kinyume chake, huifunga harufu. Ukiwa na joto la Machi, tia barafu bila kuona haya. Lakini onja kwanza mara moja bila hiyo.

Glasi nayo ina historia fupi: ile yenye tumbo na shingo nyembamba, Glencairn, ilibuniwa Uskoti na Raymond Davidson na kuingia sokoni mwaka 2001. Kikombe kidogo chenye mdomo uliobana kinafanya kazi karibu sawa.

Je, wajua chupa ya mililita 750 ina toti 25 za mililita 30? Hesabu hiyo iwe kichwani unapokaribisha watu. Toti moja au mbili, chakula kiwepo, maji yawepo, na anayeendesha gari amiminiwe juisi. Na wageni wengi wa nyumba zetu hawanywi, kwa imani au kwa afya. Kabati lenye mlango unaofungwa ni heshima kwao, na ni kinga kwa watoto.

Na je, wajua ukoo wa Beam, wapishi wa burboni, uliweka nini nyumbani? Marufuku ya pombe ilipoisha mwaka 1933, James Beam, yaani Jim, alikuwa na umri wa karibu miaka 70 na kiwanda chake kilikuwa kimekufa. Alijenga kingine huko Clermont, Kentucky, kwa siku 120. Hamira ya zamani haikuwepo, kwa hiyo alitega mpya kutoka hewani, kwenye baraza ya nyumba yake mjini Bardstown. Kila Ijumaa jioni alijaza mtungi wa hamira hiyo, akauweka kwenye gari, akarudi nao nyumbani, ili hata moto ukila kiwanda siku za mapumziko, mbegu iwe salama. Kampuni inasema hamira inayochachusha Jim Beam leo ni uzao wa mtungi ule.